Kutoka Tanuri la Chokaa hadi Kisima cha Kereita: Historia ya Kunasa Hewaukaa Katika Afrika Mashariki na Maana Yake kwa Istilahi na Sera

Ikisiri

Mijadala ya sera kuhusu kunasa hewaukaa kutoka kwenye dohani za viwanda huizungumzia teknolojia hii kana kwamba ni mgeni asiyewahi kukanyaga Afrika Mashariki. Makala haya yanaonyesha kwamba eneo letu lina historia ndefu ya kushughulika na gesi hiyo: matanuri ya chokaa ya pwani, magadi ya Kenya, visima vya Kereita na Rungwe, na mitambo ya Ziwa Kivu. Historia hiyo inadhihirisha kwamba kwa kawaida gesi ilipoteuliwa na kukusanywa, ilikusanywa ili iuzwe au iondolewe njiani, si ili ifungiwe isirudi angani. Makala yanapendekeza kwamba Kiswahili cha sheria na mikataba kitenganishe vitendo vinne, yaani kuteka, kunasa, kutumia na kufungia, kwa kuwa kuvichanganya kunaweza kuigharimu jamii fedha na hata uhai.

1. Utangulizi

Mto Ruzizi unaotiririka magharibi mwa Bujumbura na kuingia Ziwa Tanganyika unatoka Ziwa Kivu. Katika vilindi vya Kivu mmeyeyuka takriban kilomita za ujazo 300 za hewaukaa na takriban 60 za methani. Wakazi wa Bujumbura, basi, wanaishi chini ya mkondo wa mojawapo ya maghala makubwa ya asili ya gesi ambayo dunia inatafuta namna ya kuipunguza. Hata hivyo, katika mikutano ya sera inayofanyika mjini hapa, suala la kunasa hewaukaa huletwa kama habari ya Norway, Kanada au Marekani, na maneno yake huletwa hivyo hivyo, yakiwa bado yamevaa nguo za lugha nyingine.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Kwanza, gesi hii imetekwa, imenaswa na imetumiwaje katika Afrika Mashariki na Maziwa Makuu kabla ya mjadala wa leo? Pili, historia hiyo inatudai maneno gani? Swali la pili si pambo. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Kanuni za biashara ya kaboni zilitungwa Tanzania mwaka 2022, na Kenya ikarekebisha sheria yake ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023. Mikataba itakayofuata italazimika kueleweka na mwanakijiji ambaye ardhi yake itatobolewa, si na wakili peke yake.

2. Gesi isiyo moshi: ushahidi wa neno mazuku

Kikwazo cha kwanza ni kwamba hewaukaa haionekani. Tunapotazama dohani ya kiwanda tunaona moshi, na katika Kiswahili, kama katika Kirundi chenye umwotsi, moshi ni kitu cha macho na pua. Kinachoonekana ni masizi, vumbi na mvuke. Hewaukaa haina rangi, na kwa viwango vya kawaida haina harufu. Kiwanda kinaweza kufunga vichujio bora vya vumbi, dohani yake ikaonekana safi kabisa, na bado kikatoa hewaukaa ile ile kama jana. Mshauri wa sera anayepokea ripoti kwamba "moshi umedhibitiwa" hana budi kuuliza: ni moshi, au ni gesi?

Wakazi wa kaskazini mwa Ziwa Kivu hawahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Karibu na Goma, chini ya volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, yapo mabonde madogo na mashimo ambamo hewaukaa hutoka ardhini na kutuama. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa takriban mara moja na nusu, hukaa chini kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Mifugo hufa humo, na watu pia. Mtoto huwa hatarini kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu zaidi na ardhi. Gesi hiyo inapozidi asilimia 10 ya hewa anayovuta mtu, humzimisha kwa muda mfupi. Kiswahili cha eneo hilo huyaita mahali hapo mazuku, na wanasayansi wa volkano wamelichukua neno hilo kama lilivyo katika maandishi yao ya kimataifa, wakilifasiri kuwa upepo mwovu.

Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa istilahi. Mara nyingi tunalalamika kwamba Kiswahili kinakopa maneno ya sayansi. Hapa kimekopesha, na kimekopesha neno la onyo. Tutalirudia mwishoni.

3. Tanuri la chokaa na tanuri la Solvay

Kazi ya kwanza kubwa iliyotoa hewaukaa kwa wingi katika pwani ya Waswahili ilikuwa kuchoma chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya kuni, yakachomwa kwa moto mkali mpaka yakageuka chokaa hai, kisha yakazimwa kwa maji na kuachwa yatulie. Chokaa hiyo ndiyo iliyounganisha kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, majumba ya Gedi na nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar. Kikemia, jiwe linapochomwa hutoa hewaukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Lakini chokaa inapokauka ukutani huivuta tena gesi hiyo kutoka hewani, kidogo kidogo kwa miaka mingi, na kurudi kuwa jiwe. Gesi ya kuni hairudi, lakini ile ya jiwe hurudi kwa sehemu kubwa. Ukuta wa Lamu, kwa hiyo, umenasa na kufungia kwa pamoja, bila mtu yeyote kukusudia hivyo.

Kila mwanafunzi wa sekondari amewahi kuona tendo hilo katika chupa: anapopuliza pumzi katika maji ya chokaa, maji hugeuka meupe kama maziwa. Huko ni kunasa hewaukaa kwa kiwango cha darasa.

Ulaya ilikipeleka kitendo hicho kiwandani. Mwaka 1861 Mbelgiji Ernest Solvay alivumbua njia ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi, amonia na mawe ya chokaa. Katika njia hiyo gesi inayotoka kwenye tanuri la chokaa haiachwi ipotee. Hukusanywa na kupitishwa katika maji ya chumvi yenye amonia, ikawa sehemu ya bidhaa. Zaidi ya karne moja kabla ya mikutano ya tabianchi, basi, viwanda vilikuwa vinakusanya hewaukaa kutoka kwenye tanuri. Sababu haikuwa anga. Sababu ilikuwa kwamba gesi ilikuwa malighafi, na kuipoteza ilikuwa hasara.

4. Magadi: historia iliyogeuzwa

Mfano wa Magadi nchini Kenya unaonyesha upande wa pili wa sarafu hiyo. Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911 ili kuvuna magadi ghafi ya ziwa hilo la Bonde la Ufa, na katika miaka ya 1920 ikaingia mikononi mwa Brunner Mond, kampuni ya Uingereza iliyokuwa imejengwa juu ya njia ile ile ya Solvay. Ili kupata magadi makavu ya kuuzwa viwandani, hasa kwa watengenezaji wa vioo, magadi ghafi huokwa kwa joto. Maji huondoka, na hewaukaa huondoka nayo.

Ulaya, kwa hiyo, ilikuwa inanasa gesi ya tanuri ili itengeneze kile ambacho Magadi tayari ilikuwa nacho, na Magadi ilikuwa inachoma kile ilichonacho na kuiachilia gesi. Hakuna aliyekuwa mjinga katika mahesabu hayo. Pale gesi ilipokuwa na thamani ilinaswa. Pale isipokuwa na thamani iliachwa ipae.

Kanuni hiyo inathibitishwa na mji wa Trona huko California, uliopewa jina la madini yale yale yanayopatikana Magadi. Tangu mwaka 1978 kiwanda cha huko kimekuwa kikinasa hewaukaa kutoka kwenye moshi wa matanuri yake ya mvuke yanayochoma makaa ya mawe, na kuitumia kuchakata maji ya chumvi ya ziwa lililokauka ili kupata magadi. Huo ni mmoja wa mifano mikongwe zaidi ya kunasa hewaukaa kutoka kwenye moshi wa makaa, nao pia ulianza kwa haja ya kiwanda.

5. Visima: Kereita na Rungwe

Afrika Mashariki ilipohitaji hewaukaa kwa ajili ya soda, bia na barafu kavu, haikuelekea kwenye dohani. Ilielekea ardhini. Kampuni ya Carbacid, iliyoundwa Kenya mwaka 1961, huteka gesi hiyo kutoka visima vya asili katika msitu wa Kereita, eneo la Lari, kaskazini-magharibi mwa Nairobi. Nchini Tanzania kampuni ya TOL, iliyoanza mwaka 1950 na ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, huteka gesi ya volkano huko Rungwe, mkoani Mbeya. Gesi husafishwa, hushindiliwa mpaka ikawa kimiminika, kisha husafirishwa kwa malori yenye matangi.

Wanahistoria wa viwanda wanaweza kuisifu biashara hii, na wana haki. Ni teknolojia iliyokomaa, inayoendeshwa na mafundi wa hapa kwa miongo mingi. Lakini ni lazima tuitaje kwa jina lake. Gesi iliyokuwa chini ya ardhi inapandishwa, inatiwa katika chupa, na mnywaji anapofungua kizibo inakwenda angani. Huko ni kuteka, kama mtu anavyoteka maji kisimani. Si kunasa gesi iliyokuwa inakwenda kupotea, wala si kuifungia. Kwa upande wa anga, kila tani inayotekwa hivyo ni tani iliyoongezwa.

6. Kivu: kunasa ili kuondoa

Ziwa Kivu linatupatia kisa cha tatu. Mwaka 1963 mtambo mdogo wa Rubona, karibu na Gisenyi, ulianza kutoa methani ziwani kwa ajili ya matanuri ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt ulianza kuzalisha umeme wa takriban megawati 26 upande wa Rwanda. Utaratibu wake ni huu: maji ya vilindini hupandishwa kwa bomba, shinikizo linapopungua, gesi hutoka kama inavyotoka soda inapofunguliwa, kisha mchanganyiko wa gesi huoshwa kwa maji. Hewaukaa huyeyuka katika maji kwa urahisi kuliko methani, hivyo huondoka na maji ya kuoshea, na methani hubaki ikiwa safi zaidi ya kuchomwa.

Hapa gesi inatengwa kwa ustadi, na sehemu yake hurudishwa ziwani pamoja na maji. Sababu si moja tu. Gesi iliyo ziwani ni hatari yenyewe. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la hewaukaa lililoshuka mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na kingo zake zina miji. Kwa hiyo wahandisi wa Kivu wamelazimika kuuliza swali ambalo wauzaji wa soda hawakulazimika kuuliza: baada ya kuitenga gesi, inakwenda wapi, na itakaa huko?

7. Dohani zetu

Tuje sasa kwenye dohani yenyewe. Mwaka 1930 Mmarekani R. R. Bottoms alipata hataza ya njia ya kusafisha gesi kwa kemikali za kundi la amaini, na njia hiyo ndiyo mama wa mitambo mingi ya leo. Gesi ya dohani iliyopoozwa hupitishwa katika mnara wenye kimiminika cha amaini. Hewaukaa hushikamana na kemikali hiyo, na gesi nyingine hupita. Kimiminika kisha hupelekwa katika mnara wa pili na kupashwa joto la takriban sentigredi 120, hewaukaa ikaachia, na kemikali ikarudi kazini. Gharama kubwa iko katika joto hilo. Mwaka 2014 kituo cha umeme cha Boundary Dam nchini Kanada kilianza kutumia njia ya aina hii kwa kiwango cha biashara kwenye moshi wa makaa ya mawe, na mwaka 2025 kiwanda cha saruji cha Brevik nchini Norway kilizindua mtambo uliosanifiwa kunasa tani 400,000 kwa mwaka na kuzipeleka chini ya bahari.

Somo la kiufundi ambalo mshauri wa sera anapaswa kulishika ni kwamba dohani hazilingani. Gesi ya mtambo wa umeme wa gesi asilia ina hewaukaa ya takriban asilimia 4 tu. Ya makaa ya mawe, asilimia 12 hadi 15. Ya tanuri la saruji huweza kufika asilimia 20 na zaidi. Gesi inayotoka katika mapipa ya kuchachusha bia ni hewaukaa karibu tupu. Kadiri gesi ilivyo nyembamba, ndivyo nguvu na fedha za kuinasa zinavyozidi.

Tukiipanga Afrika Mashariki kwa kipimo hicho, vipaumbele viwili vinajitokeza. Cha kwanza ni saruji. Tangu Bamburi ilipoanza kuzalisha mwaka 1954 na Wazo Hill mwaka 1966, sekta hii imekua pamoja na miji yetu. Takriban asilimia 60 ya hewaukaa ya saruji hutoka katika jiwe lenyewe, si katika kuni wala makaa. Hata tanuri likipewa umeme wa jua, jiwe litaitoa. Kwa saruji, kunasa si anasa ya kubadilisha nishati. Lakini gharama yake ni kubwa, na bila mahali palipochunguzwa pa kufungia gesi, mtambo wa kunasa ni nusu ya daraja.

Cha pili ni viwanda vya bia na vileo, na hapa hata mji kama Bujumbura, wenye Brarudi tangu mwaka 1955, una nafasi katika mjadala. Viwanda vikubwa vya bia duniani hukusanya gesi ya uchachushaji, huisafisha na kuirudisha katika chupa. Gesi hiyo inatokana na nafaka iliyoivuta hewani msimu uliopita. Ikichukua nafasi ya gesi inayotekwa kisimani, ile ya kisimani inaweza kubaki ardhini. Hii ni hatua ndogo, lakini ni hatua isiyohitaji bomba la kilomita mia wala mkopo wa karne. Sera ya Jumuiya inaweza kuanza kwa kutaka kila kiwanda kikubwa cha vinywaji kitangaze hewaukaa yake inatoka wapi.

8. Istilahi: vitendo vinne

Mwandishi wa makala haya ana sababu binafsi ya kulishikilia suala la maneno. Miaka kadhaa iliyopita, katika kutafsiri waraka wa mashauriano, nilitumia "kuhifadhi hewaukaa" mahali pote: kwa misitu, kwa matangi ya kiwanda na kwa shimo la kilomita moja chini ya ardhi. Tafsiri ilisomeka vizuri na haikurudishwa. Katika kikao, mzee mmoja aliuliza kama gesi hiyo "itahifadhiwa kama mahindi ghalani, tuje tuichukue tukiihitaji". Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Hakuwa amekosea, alikuwa amekisoma Kiswahili changu kama kilivyoandikwa. Ghala ni mahali pa kuweka kitu ili kitolewe. Nilikuwa nimeificha ahadi ya miaka elfu ndani ya neno la msimu mmoja.

Kutokana na historia iliyoelezwa, napendekeza mgawanyo ufuatao. Kuteka kubaki kwa gesi inayopandishwa kutoka ardhini au ziwani, kama Kereita na Rungwe. Kunasa kutumike kwa gesi iliyokuwa inatoka au imekwisha kutoka hewani na kuzuiwa kwa mtambo, kama mtego unavyonasa kinachopita. Kutumia kutajwe waziwazi pale gesi inapoingia katika soda, barafu kavu au magadi, pamoja na muda itakaokaa kabla ya kurudi angani. Kufungia kuwe kwa ajili ya gesi iliyowekwa chini ya miamba au kugeuzwa jiwe kwa nia ya kutotoka tena. Kufyonza, ambalo tayari limezoeleka kwa miti, libaki kwa mimea na kwa hatua ya kikemia ndani ya mnara.

Tofauti hizi zina thamani ya fedha. Kiwanda kinachonasa na kuuza gesi kwa mtengenezaji wa soda hakistahili hati ya kaboni sawa na kile kinachonasa na kufungia. Mkataba ulioandikwa kwa neno moja kwa vitendo vyote utamlipa wa kwanza kama wa pili, na hasara itabebwa na umma.

9. Hitimisho

Historia ya hewaukaa katika Afrika Mashariki haianzi na mikataba ya tabianchi, na wala si historia ya ukosefu wa ujuzi. Waashi wa Kilwa, wafanyakazi wa Magadi, mafundi wa Kereita na Rungwe na wahandisi wa Kivu wote wameishughulikia gesi hii kwa mikono yao. Kilichokosekana ni sababu ya kuishika pale isipouzika. Sababu hiyo sasa ipo, na itakuja na fedha, mitambo na maombi ya ardhi.

Kwa hiyo kila pendekezo litakalofika mezani lipimwe kwa maswali matatu: gesi inatoka wapi, inanaswa kwa nguvu ya nani, na inakwenda wapi. Na pale jibu la swali la tatu litakapokuwa "chini ya ardhi yenu", waraka wa mashauriano usiishie kwenye maneno ya kutuliza. Uwaeleze wakazi gesi hiyo hufanyaje ikivuja, hutuama wapi, na nani atawaamsha usiku. Kwa hilo Kiswahili hakina haja ya kukopa. Watu wa Goma walikwisha kutupa neno mazuku, na mwananchi akilisikia ataelewa ni kitu gani anaombwa kuishi juu yake.